Msindikizaji

Kipara alipofungua begi, kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa suruali ya kulalia. Akaishika kiunoni, akatafuta ncha ya kamba, akaivuta taratibu mpaka ikatoka yote na kumlalia mapajani.

"Kamba haziingii," alisema. "Mkanda vilevile. Na viatu vya kufunga viacheni, achukue ndala."

Dobi alikuwa nyuma ya meza yake ya kupigia pasi, shati la mteja likiwa mbele yake. Suruali ile alikuwa ameifua kwa mkono, akaipiga pasi, akaikunja ikanyooka kama ya dukani. Sasa ilikuwa imetupwa juu ya mkeka, miguu imepanuka.

"Itamvuka," alisema.

"Utaitia mpira, wifi. Wewe na sindano si maadui."

Mume wa Dobi, ambaye mtaa mzima ulimwita Rangi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka, alikuwa amekaa kitandani na magoti yake ameyakumbatia. Alikuwa amekonda mpaka fulana ilimkaa kama imeanikwa. Mama yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, akimenya vitunguu, na kila Kipara alipotoa kitu begini yeye alinyoosha shingo akione, kama abiria anayehofia kuibiwa.

Kipara alikuwa mwanamke mwembamba aliyenyoa nywele zote siku alipoacha unga, na tangu hapo hakuziachia zikaota tena. Siku za kazi aliosha vyombo mgahawani. Siku zilizobaki alijitolea katika kituo cha kuwatoa watu kwenye dawa za kulevya, akiwatembelea nyumbani wale ambao nafasi zao zimekaribia, awaandae. Nafasi ya Rangi ilikuwa ya Jumatatu. Hii ilikuwa Jumamosi.

Mkono wake uliingia tena begini, ukatoka na chupa ndogo ya manukato. Dobi alikuwa ameinunua makusudi, mume wake asije akanuka mbele ya wageni.

"Hii nayo inabaki."

"Manukato yana kosa gani?"

"Yana spiriti ndani. Watu huyanywa."

"Nani anakunywa manukato?" Dobi aliuliza, na sauti yake ilikuwa na dharau kidogo, ambayo hata yeye aliisikia.

"Mimi," Kipara alijibu. "Ya waridi. Siku mbili nilinukia mpaka jasho. Nzi walidhani nimeolewa."

Rangi akacheka. Hakutabasamu tu, alicheka hasa, kicheko cha tumboni, kichwa kikarudi nyuma na pengo la jino lake la pembeni likaonekana. Kipara naye akacheka. Hata bibi kizee akacheka, kisu kikiwa hewani. Dobi alikuwa amelisahau lile pengo. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuliona, akashindwa, na pasi ikakaa mahali pamoja mpaka akanusa shati la watu linaanza kuungua.

Aliinyanyua upesi. Alama ilikuwa nyepesi, rangi ya chai ya maziwa, chini ya mfuko. Akaikunjia ndani.

"Sasa nisikilizeni wote," Kipara alisema. "Ya mwisho ni kesho jioni. Baada ya hapo, hakuna. Jumatatu asubuhi aje pale akiwa ameanza kuumwa."

"Aumwe makusudi?" mama mtu aliuliza.

"Makusudi, mama. Dawa ya pale ikikuta unga bado umejaa mwilini, inaufukuza wote kwa mpigo, na mtu anaumwa mara kumi ya kuumwa. Kwa hiyo nesi lazima aone kwa macho yake kwamba mwili umeanza kudai. Akimwona mtu kashiba, anamrudisha nyumbani. Nafasi anapewa mwingine, na yeye anaanza foleni upya."

Hakuna aliyeuliza foleni hiyo ina urefu gani. Kituo hakikutoza kitu, na kwa sababu hiyo watu walikuwa wengi. Rangi alijiandikisha kabla ya mvua kubwa, na sasa vumbi lilikuwa limesharudi barabarani. Wawili aliojiandikisha nao walizikwa wakiwa bado wanasubiri.

"Na unga wake anautunza nani?" Kipara aliuliza.

Kitunguu kikaacha kumenywa.

"Mimi," Dobi alisema.

Ilikuwa hivyo. Baada ya Rangi kuuza pasi ya kwanza, na baada ya kuuza mashuka mawili ya mteja, Dobi alijiwekea utaratibu. Alikwenda mwenyewe kwa muuzaji, kikapu mkononi kama anayekwenda sokoni, akanunua kete mbili za unga, akampa mume wake moja asubuhi na moja jioni. Tangu siku hiyo hakuna kilichopotea ndani ya nyumba. Na Rangi, ambaye zamani alilala popote giza lilipomkuta, alianza kurudi nyumbani mapema kuliko waume wote wa mtaa. Wanawake wenzake walimcheka Dobi kwa kile kikapu. Yeye aliwaza tu kwamba waume zao walikuwa bado hawajarudi.

Kipara alitikisa kichwa polepole. "Wengi hufanya hivyo," alisema.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lile *wengi* lilimwingia Dobi kama mwiba wa samaki. Alikuwa amedhani jambo lile ni lake peke yake.

"La mwisho," Kipara aliendelea, "ni msindikizaji. Kila anayeingia anachagua mtu mmoja. Huyo ndiye atakayekuja kwenye vikao vya Ijumaa, ndiye atakayeitwa kukiwa na shida, ndiye atakayesikia yote. Kaka, umeshafikiria?"

Dobi alikwishaweka pasi chini. Alikuwa akifuta mikono kwenye gauni, kama mtu anayesubiri kupokea kitu.

Rangi alimtazama mke wake, akatazama mkeka, akamtazama Kipara.

"Nitafikiria," alisema.

* * *

"Kulikuwa na nini cha kufikiria?" Dobi alimuuliza mama mkwe jikoni jioni ile. "Niambie, mama. Nani mwingine anaye?"

Bibi kizee alikuwa akikoroga chungu na hakugeuka. "Mtu mgonjwa anafikiri polepole."

"Kwa yule binti hafikiri polepole. Kwa yule anajibu kabla hajaulizwa. Anakula! Umemwona anakula? Mimi nikimwekea sahani anaitazama kama deni. Huyu kamwambia, kaka, kula vijiko vitatu, akala vijiko vitatu."

"Kwa hiyo unataka asile?"

"Sijasema hivyo."

"Nimekusikia ulivyosema." Mama mkwe aligonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Mwanangu, mimi nimekaa na wewe vizuri. Sijawahi kukusema kwa mambo ya uzazi wala kwa hicho kikapu chako. Lakini nakuona. Wewe ulikuwa unampa, naye akawa hakutazami. Huyu anamnyima, naye anamtazama. Hiyo ndiyo inayokuuma."

Dobi alitaka kukana. Badala yake alichukua ndoo akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

* * *

Jumapili Kipara alikuja tena, alasiri, kabla ya ile kete ya mwisho. Yeye na Rangi walikaa uani juu ya makopo matupu ya rangi yaliyogeuzwa, na Dobi alikuwa akianika mashuka ya nyumba ya wageni. Kamba ilipita katikati ya ua. Shuka lilipotanda, wao walikuwa upande mmoja na yeye upande wa pili, na aliona vivuli vyao tu, kimoja na kichwa cha mviringo kama yai.

Hakukusudia kusikiliza. Lakini pia hakwenda kuanika kwingine.

"Wateja hawakupungua," Rangi alikuwa akisema. "Nyumbani nilisema wamepungua. Mkono ndio ulioanza. Nikivuta mstari, unakwenda vizuri, vizuri, halafu unaruka. Mwenye duka la dawa alinirudishia kopo langu mbele ya watu. Alisema bango lake linaonekana kama limechorwa ndani ya gari."

"Ukamjibu nini?"

"Nikacheka. Nikamwambia huo ndio mtindo mpya. Dada, na kama ukitoka huo unga, mkono usirudi? Nitakuwa nani?"

Kisha Dobi akasikia sauti ambayo hakuitambua mara moja. Alidhani ni mbwa wa jirani. Ilikuwa sauti ya mume wake akilia.

Alikuwa amemwona akitapika, akitetemeka, akijikojolea, akimwita yeye majina ambayo mtu hamwiti hata adui. Amemwosha na kumgeuza kama mtoto. Kulia hakuwahi kumpa. Na habari ya mkono hakuwahi kumpa. Alikuwa ameishi na lile neno, *wateja wamepungua*, akawalaani wateja, akafua mashuka zaidi ili kuziba pengo lao, na ukweli alikuwa amewekewa mtu wa kuja na kuondoka.

Kile kivuli chenye kichwa cha yai kilinyoosha mkono, kikamshika yule mwingine begani.

Dobi alilivuta shuka likaanguka kwenye vumbi.

"Na wewe, dada," alisema, kwa sauti iliyomfanya mshona viatu wa jirani ainue kichwa, "hizo za kwako ulikuwa unalipia na nini?"

Rangi alinyanyua uso uliolowa. "Mke wangu..."

"Namuuliza yeye. Si mwalimu? Si anajua kila kitu? Atufundishe."

Mshona viatu aliacha nyundo. Wanawake wawili waliokuwa wakisukana mlango wa pili waligeuka, chanuo likiwa limesimama katikati ya nywele.

Kipara aliutoa mkono begani kwa Rangi, bila haraka.

"Kwa mwili wangu, wifi," alisema. "Ulitaka kujua, au ulitaka hawa wasikie?"

"Mimi si wifi yako. Huna kaka humu ndani."

"Sawa." Kipara alisimama, akapangusa gauni lake nyuma. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyewahi kuambiwa hayo na mabaya zaidi, akabaki hai. "Kama mimi ni mzigo, kesho sitakuja. Utampeleka wewe. Kuanzia alfajiri ataanza miayo na mafua, halafu miguu. Atakuomba. Akiomba kwa upole, usimpe. Akiomba kwa matusi, usimpe. Ukishindwa, toka nje ukae uani, lakini usimpe." Akamgeukia bibi kizee aliyekuwa ametokeza mlangoni. "Mama, kaa salama."

Alipita katikati ya wale waliokuwa wakimtazama, akawasalimia wote kwa heshima, akaenda zake.

Rangi aliliokota shuka, akajaribu kulikung'uta. Vumbi lilikuwa limeshashika maji.

"Umeridhika?" alimuuliza mke wake.

Dobi alilipokea shuka, akalirudisha kwenye beseni, akaanza kulifua upya. Jioni alipokwenda kwa muuzaji na kikapu chake kwa mara ya mwisho, alipaswa kununua kete moja. Alinunua mbili. Njia nzima ya kurudi hakujiuliza kwa nini, maana jibu alikuwa nalo na hakulipenda.

* * *

Jumatatu ilipopambazuka Rangi alikuwa ameshaamka. Miayo ilimjia mfululizo, taya likilia. Kamasi na machozi vilimtoka pamoja, na vinyweleo vya mikono vilisimama kama vya kuku aliyenyonyolewa. Kisha miguu ikaanza. Ilijirusha yenyewe chini ya shuka, ikipiga ukuta.

Mama yake alikuwa uani akichemsha maji. Dobi alikaa ukingoni mwa kitanda na taulo.

"Vumilia kidogo. Jua likipanda tunaondoka."

"Mwite dada."

"Dada haji leo. Niko mimi."

"Mwite. Mwambie namwomba." Akajikunja, akajikunjua. "Yeye anajua hii. Wewe hujui hii. Mwambie hii ya miguu, yeye aliniambia kuna namna ya kuifanya, nimeisahau... Mwite dada, mke wangu, nakuomba."

"Niambie mimi hiyo namna."

"Hujui! Hujawahi kuumwa hii, utaijuaje? Mwite dada!"

Kama angemwomba kete, Dobi angeweza. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kuombwa kete. Alikuwa amepanga maneno, upole na matusi, kama alivyofundishwa. Hakujiandaa kuombwa mtu mwingine.

Alisimama, akaenda kwenye meza ya pasi, akaingiza mkono chini ya blanketi la kupigia, akarudi.

"Mimi ninacho," alisema, akafungua kiganja chenye ile kete ya pili.

Miguu ikatulia. Kila kitu kikatulia. Rangi alijiinua kwa kiwiko, na macho yake, mekundu, yaliyolowa, yakafunguka yote. Kwa pumzi moja au mbili Dobi alikuwa na kile alichokitaka tangu Jumamosi. Alitazamwa. Alitazamwa kama siku ile kijana mwenye madoa ya rangi vidoleni alipokuja kuchukua shati lake, akalilipia, akashindwa kuondoka mlangoni.

Jasho lilimshuka Dobi kwenye jicho. Alihamisha mkono kidogo pembeni ili ajifute kwa bega, na macho ya mume wake yakahama.

Aliurudisha mkono. Macho yakarudi. Aliushusha hadi gotini. Yakashuka. Uso wa Dobi ulikuwa palepale, karibu kabisa, umeinama juu yake, na hakuna aliyekuwa akiutazama. Akaupandisha mkono polepole mpaka ukawa mbele ya uso wake mwenyewe, na ndipo tena ikawa kama anatazamwa.

Miaka yote ile ya kuwahi nyumbani, alikuwa akiiwahi hii. Akafunga ngumi.

"Nipe," Rangi alisema.

"Hapana."

"Umenionyesha! Nipe nusu. Nipe nilambe tu." Alimshika kifundo cha mkono, na kwa mtu aliyekonda vile alikuwa na nguvu za kutisha. Walivutana. Meza ya pasi ikaanguka, mashati ya watu yakamwagika sakafuni. Mama mtu aliingia mbio na kata ya maji mkononi, akasimama, akaona ngumi, akaelewa.

"Imetoka wapi hiyo?"

"Nilikuwa nayo," Dobi alisema.

Bibi kizee hakusema chochote kuhusu hilo, wala wakati ule wala baadaye. Alimmwagia mwanawe maji yote usoni. Rangi alipoachia ili apumue, Dobi alikwishafika mlangoni. Alikimbia mpaka chooni, akafungua ngumi juu ya shimo, akakung'uta vidole kimoja kimoja. Nyuma yake alisikia mlio ambao mshona viatu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatandika gunia lake, aliusikia pia, akasema "Mungu wangu" bila kuinua kichwa.

Aliporudi alimkuta mama mkwe ameweka kigoda katikati ya mlango wa chumba na kukikalia, mgongo ukiegemea mwimo mmoja na miguu ikikanyaga mwingine.

"Nenda kamlete yule binti," alisema.

"Mama, nilimtukana mbele za watu."

"Basi nenda ukatukanwe. Ila fanya upesi."

* * *

Kipara alikuwa nyuma ya mgahawa, amechuchumaa mbele ya sufuria nyeusi ambazo angeweza kuingia ndani yake. Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye leso kichwani, alikuwa akihesabu viazi huku akimlalamikia mtu asiyekuwepo.

Dobi alisimama pembeni ya karo. Alikuwa amekuja na khanga moja na ndala zisizolingana.

"Kaanza?" Kipara aliuliza bila kuacha kusugua.

"Kaanza. Anakuita."

"Jana ulisema sina kaka kule."

"Nilisema."

Stilwaya ya kusugulia ilizunguka ndani ya sufuria. "Umempa?"

Njiani Dobi alikuwa ametayarisha jibu lingine. "Nilimwonyesha," alisema.

Mkono wa Kipara ukasimama. "Kalamba? Kanusa? Niambie ukweli, maana nesi atajua, na dawa nayo itajua."

"Hakugusa. Nimeitupa chooni."

"Ulimwonyesha kwa nini?"

Mwenye mgahawa alikuwa ameacha kuhesabu viazi. Dobi alimwona akisikiliza. Jana angejali.

"Alikuwa anakuita wewe," alisema. "Kila neno dada, dada. Nikataka aniite mimi."

Kipara alimtazama kwa muda, kutoka kwenye zile ndala mpaka usoni. Halafu akasuuza mikono.

"Bosi, natoka."

"Unatoka? Na sufuria? Kila siku mateja, mateja. Mshahara nao niwape mateja wakuletee?"

"Nitaziosha mimi," Dobi alisema. "Mchana nitarudi nizioshe."

Mama mnene alimkagua. "Wewe si yule dobi wa kule nyuma?"

"Ndiye mimi."

"Basi ukirudi utachukua na vitambaa vya meza. Vina mchuzi wa tangu mwaka jana."

"Nitavichukua."

Walitembea kwa haraka. Nyumbani walimkuta bibi kizee bado mlangoni, leso imemvuka, shavu moja lina mkwaruzo.

"Amenipitia kwa maneno yote anayoyajua," alisema, "lakini mlango hajaupita."

Kipara aliingia. Alipiga magoti sakafuni, akaikamata ile miguu miwili chini ya magoti, akaikandamiza kwa uzito wake wote, akamwambia Rangi asukume. "Sukuma, kaka. Nisukume kama ukuta. Usiikimbie, isukume." Rangi alisukuma, akalaani, akasukuma. Dobi alisimama na kutazama mikono ya mwanamke mwingine kwenye miguu ya mume wake. Akatazama vizuri mahali mikono ilipokuwa. Kisha akainama, akashika mguu mmoja.

"Chini zaidi," Kipara alimwambia. "Hapo. Hapo hapo."

* * *

Kituoni nesi alimmulika Rangi machoni kwa tochi ndogo, akapima mapigo, akamgusa mkono uliotota.

"Mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni."

"Leo?"

Rangi alikuwa amejikunja kwenye benchi katikati ya wanawake wawili. Alimtazama mke wake. Dobi alilibana begi kifuani.

"Leo sijatumia," Rangi alisema.

Nesi aliyatazama tena yale macho, akaridhika nayo kuliko maneno. "Umekuja vizuri. Dakika chache tutakupa kitu. Msindikizaji wako nani?"

Dobi alikuwa ameshapiga hatua. Alikuwa amebadili, amevaa gauni lake la kutokea na viatu vinavyolingana.

"Dada," Rangi alisema, akimwonyesha Kipara kwa kidevu.

Nesi alilitazama begi, akaitazama pete ya Dobi. "Mke huna?"

"Ninaye. Ndiye huyu." Meno yalikuwa yakimgongana. "Mbele yake nina aibu. Nikimwona naanza kuficha. Huyu mwingine sina cha kumficha."

Watu wengine walikuwa kwenye mabenchi, na wote ghafla walikuwa na kitu cha kutazama dirishani. Kipara alifungua kinywa. Angeweza kukataa; nesi alikuwa akimsubiri akatae au akubali. Dobi aliliona hilo. Aliona pia kwamba kama Kipara angekataa, Rangi angesema jina la mke kwa kuwa hana lingine, na angekwenda kwenye vikao kumfichia kila Ijumaa.

"Mwandike yeye," Dobi alisema.

Nesi hakusikia vizuri. "Nani?"

"Yeye. Mwandike yeye."

Alilitoa begi kifuani. Mlezi wa kiume alilipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika Rangi chini ya kwapa. Walikwenda ndani, taratibu, kwenye korido ya kijani. Rangi alikuwa ameinama akitafuta pa kutapika, kwa hiyo hakugeuka nyuma.

Nje jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Wanawake wawili walisimama kando ya ukuta wa kituo, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze kuondoka.

"Wewe alikusindikiza nani?" Dobi aliuliza.

"Mimi? Hakuna. Nilikaa pale chini," Kipara alionyesha ukingo wa mtaro, "mpaka walipochoka kuniruka. Usifikiri nitabaki naye. Wakipona hawanitaki. Nikikutana nao sokoni wanavuka barabara. Nimewaona wakiwa vibaya sana."

"Wote?"

"Walio wengi."

Dobi alijisikia kufurahi, akajionea haya kwa kufurahi, na furaha haikuondoka kwa sababu ya haya.

"Ijumaa, baada ya kikao, utakuja kuniambia alichosema?"

"Kinachosemwa mle hakitoki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Walianza kutembea. Gari la maji lilipita, likawatimulia vumbi, wakageuza nyuso pamoja.

"Basi njoo tu," Dobi alisema. "Uje unywe chai. Bila kumzungumza yeye."

"Nitakuja."

"Tutazungumza nini sasa?"

"Sijui. Mambo yako. Wewe unapenda nini?"

Dobi alifungua kinywa ajibu, akakuta hakuna kitu. Walipita duka la vitambaa, wakapita kinyozi, wakafika kwenye kona ya mgahawa ambako sufuria zilikuwa zikimsubiri, na bado alikuwa anatafuta. Kipara alipunguza mwendo, akasimama naye kivulini, wala hakumharakisha.